Filamu ya Kusoma: Mswada wa "Out of Africa" Mikononi mwa Mtu wa Nainokanoka

Wapo wanaosema kwamba mswada wa filamu hausomwi. Eti unapigiwa picha tu, halafu unatupwa kama kapi la muwa. Mimi watu hao siwaelewi, hasa wakiwa ni Watanzania. Hivi sisi tuliosoma Kiswahili mpaka kidato cha nne tulikuwa tunafanya nini kama si kusoma michezo ambayo hatujawahi kuiona jukwaani? Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na wengi wetu tunaijua kwa herufi tu. Ngoswe ya Edwin Semzaba sijaona ikiigizwa hata siku moja, lakini nikifumba macho naziona karatasi zake za sensa zikiungua. Orodha hivyo hivyo. Basi sisi ni mabingwa wa kutazama mchezo ndani ya kichwa, na anayetuambia mswada wa filamu si wa kusoma hatujui vizuri.

Kitabu ninachotaka kukihakiki hapa ni mswada wa filamu ya Out of Africa, kazi ya Kurt Luedtke, uliochapwa Marekani mwaka 1987, miaka miwili baada ya filamu yenyewe kutoka. Nakala yangu niliipata kwa binamu anayefanya kazi katika hoteli moja ukingoni mwa kreta. Mgeni aliisahau chumbani, ikakaa miezi kadhaa bila ya mwenyewe kuiulizia, ikaja kwangu huku Nainokanoka ikiwa na doa la kahawa kwenye jalada, jambo ambalo kwa kitabu cha shamba la kahawa naona ni haki yake.

Filamu yenyewe nilishaitazama mara nyingi kule Karatu, kwenye kompyuta ya rafiki. Si picha ya kupeleka kwenye banda la video. Ina zaidi ya saa mbili na nusu, ngumi hakuna, na DJ wa kutafsiri angekosa la kusema sehemu kubwa ya muda, maana watu wanakaa kimya wakitazama vilima. Mimi naipenda. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimekuja kuibomoa.

Kwa ambaye hajaiona, habari ni hii. Mwanamke wa Denmark, Karen Blixen, anafika Kenya mwaka 1914 kuolewa na Bror, mtu wa ukoo wa kibwanyenye wa Sweden. Walikuwa wamepanga kufuga ng'ombe. Anafika anakuta mume ameshabadili mawazo, sasa ni kahawa, tena juu kabisa karibu na vilima vya Ngong ambako kahawa haikustahili. Mume anamletea kaswende. Anampenda mwindaji Mwingereza, Denys Finch Hatton, mtu asiyetaka kufungwa na ndoa. Kiwanda cha kahawa kinaungua, shamba linafilisika, Denys anakufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, na mwaka huo huo mama anarudi kwao, asikanyage tena Afrika mpaka kufa kwake mwaka 1962. Sydney Pollack aliiongoza, Meryl Streep na Robert Redford wakacheza, na mwaka 1986 ikabeba Oscar 7, moja ikiwa ya huyu huyu Luedtke kwa mswada uliotokana na kazi nyingine.

Hapo kwenye "kazi nyingine" ndipo utamu wangu ulipoanzia. Kitabu cha Karen cha mwaka 1937 hakina hadithi. Namaanisha hakina ile kamba moja inayotoka mwanzo ikafika mwisho. Kina vipande: leo mtoto Kamante na vidonda vyake vya mguu, kesho pongo anayeitwa Lulu, kesho kutwa nzige, halafu sehemu nzima ya vijihabari vifupi vifupi kama vilivyookotwa kwenye daftari. Bror, mume wa mtu, karibu hayumo kabisa. Denys yumo, lakini kama rafiki anayekuja na kuondoka, penzi halitajwi. Sasa wewe mwandishi wa filamu unapewa kitabu kama hicho unaambiwa tutolee picha. Unafanyaje?

Luedtke alifanya kama mpishi aliyepewa mahindi bila ya maharage: akaenda kuazima. Aliazima kwenye wasifu wa Karen ulioandikwa na Judith Thurman mwaka 1982, na kwenye kitabu cha Errol Trzebinski juu ya Denys, cha mwaka 1977. Yale ambayo mwenyewe Karen aliyaficha, ndoa, ugonjwa, kitanda, wao waliyafukua, na mwandishi wa mswada akayafanya kuwa uti wa mgongo. Ndiyo kusema filamu inasimulia hasa kile ambacho kitabu kilikataa kusimulia. Sijaamua bado kama huo ni wizi au ni ujasiri. Kwa mwenye kutaka kuandika riwaya kama mimi, ni somo kubwa: pale mwandishi aliponyamaza pana hadithi nyingine nzima.

Luedtke alikuwa mtu wa magazeti kabla ya kuingia kwenye filamu. Alikuwa mhariri wa Detroit Free Press. Inaonekana. Sentensi zake hazina mafuta. Mswada wa filamu kwa desturi unaanza kila onyesho kwa kukuambia uko ndani au nje, wapi, mchana au usiku, na baada ya hapo kila kitu kiko katika wakati uliopo: anaingia, anakaa, hamtazami. Hakuna "alijisikia huzuni moyoni". Huwezi kuupiga picha moyo. Jamani, nilipolielewa jambo hili nilifungua daftari la riwaya yangu nikaanza kuhesabu mara ambazo mhusika wangu "alijisikia" kitu. Nimeshafuta nyingi na bado zipo.

Badala ya moyo, Luedtke anatumia vitu. Chukua dira. Karen yuko safarini na mikokoteni ya ng'ombe kupeleka vifaa vitani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, amepotea, na Denys anampa dira yake. Baadaye anataka kuirudisha, Denys anakataa. Miaka inapita. Mwisho kabisa, stesheni, Karen anamwachia Farah, msimamizi wake Msomali, dira ile ile. Hakuna anayetoa hotuba. Kitu kimoja kimepita mikono mitatu na sisi tumeelewa nani alimpenda nani, na nani sasa anabaki peke yake bila ya mwelekeo. Au chukua glavu nyeupe. Karen anamvalisha Juma, mtumishi wake, glavu za kuhudumia mezani, mambo ya kwao Ulaya. Karibu na mwisho anamvua mwenyewe kwa mkono wake, huku akikiri kwamba wazo lile halikuwa zuri. Kwenye filamu tendo hili linapita haraka, macho yako yako kwenye sura ya Streep. Kwenye karatasi unaweza kusimama. Mimi nilisimama, nikarudi nyuma kurasa nyingi kutafuta glavu zilipoingia mara ya kwanza. Raha hiyo banda la video halikupi, huwezi kumwambia mwenye banda arudishe mkanda kwa ajili ya glavu.

Na kuna lile onyesho la Denys kumwosha Karen nywele mtoni, akikariri shairi la Coleridge. Wote wanalikumbuka. Kwenye karatasi ni fupi, karibu unadhani hakuna kitu. Maji, nywele, mashairi, basi. Ndipo nikaelewa kwamba filamu ni kazi ya wengi: huyu kaandika maneno machache, mpiga picha David Watkin kaweka mwanga, John Barry kaweka muziki, na sisi tukalia. Mwandishi wa riwaya hana Watkin wala Barry. Lazima mwanga auandike mwenyewe.

Nimesifu vya kutosha. Sasa nifike mahali paliponifanya niandike makala hii.

Denys anaye rafiki aitwaye Kanuthia. Anaambiwa kuwa ni nusu Mmasai. Anasimama, anatembea, anabeba, hasemi. Siku moja mazungumzo yanageuka kumhusu, na Denys anamweleza Karen tabia ya Wamasai: kwamba ukiwafunga gerezani wanakufa, kwa sababu wao wanaishi leo tu, hawafikiri habari za kesho, hawawezi kuelewa kwamba ipo siku watatoka. Anaongeza kuwa ndio watu pekee wasiowajali wazungu, na kwamba kutojali huko ndiko kutakakowamaliza. Luedtke hakulitunga lote hilo. Karen mwenyewe kwenye kitabu chake anadai kuwa Mmasai akifungwa hamalizi miezi mitatu, na kwa hiyo sheria ya Waingereza ilimtoza faini badala ya jela.

Nikiitazama filamu nilikuwa naipita sehemu hii. Sauti ni nzuri, moto unawaka, usiku wa nyika, unajikuta unatikisa kichwa kukubali kama vile wanaongelea watu wa nchi nyingine. Lakini maandishi hayana moto wala sauti. Maneno yale yako uchi kwenye ukurasa, nami ni mtoto wa boma, nimekaa juu ya kigoda Nainokanoka, ukungu umeshuka kutoka Olmoti, nasoma kwamba sijui kesho.

Sasa nimuulize Denys. Olopololi ni nini? Ni malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mnyama mgonjwa, ng'ombe wakubwa hawaingizwi humo hata nyasi zikiwaita, kwa sababu kuna kiangazi mbele. Hiyo si kesho? Nyumbu wakizaa kule tambarare mwanzoni mwa mwaka, wazee wanazuia mifugo isishuke, kwa kuwa ndama wa nyumbu wanaacha ugonjwa unaoua ng'ombe. Watu wanabaki huku juu kwenye baridi, majani yakiwa mafupi, wakihesabu wiki. Hiyo nayo si kesho? Mtu asiyejua kesho hafugi. Anachinja leo anakula anamaliza.

Na gereza je? Mwaka 2022, baada ya vurugu za Juni kule Loliondo kuhusu kuwekwa mipaka ya pori tengefu, Wamasai zaidi ya 20 walikamatwa wakashtakiwa kwa mauaji ya askari. Walikaa mahabusu Arusha karibu miezi mitano. Novemba mashtaka yakaondolewa, wakatoka. Walitoka wakiwa hai, wakarudi kwa watoto wao. Miezi mitatu ya Karen ilishapita kitambo.

Ninaposema haya simkasirikii Denys kama mtu. Kwanza aliyekufa alishakufa, na maneno ni ya Luedtke. Nauliza swali la fani: sentensi hii inafanya kazi gani pale? Soma onyesho lote utaona. Mmasai hakuwekwa pale kwa ajili yake. Amewekwa ili amweleze Denys. Ni Denys ndiye asiyeweza kufungwa, Denys ndiye anayeishi leo, ni yeye atakayemalizwa na kutojali kwake, na ndege yake itaanguka kweli. Mwandishi alihitaji kioo cha kumwonyeshea Mwingereza, akachukua kabila zima akalipaka zebaki kwa nyuma. Kifundi ni kazi safi sana, na ndiyo maana inauma. Ingekuwa imeandikwa vibaya ningecheka nikafungua ukurasa mwingine.

Ukishaliona hilo mara moja, unaliona kila mahali. Sikukuta onyesho ambamo Farah na Kamante wamekaa wawili wakaongea yao, walau juu ya mshahara au juu ya mama huyu anayefikiri ataizuia mito kwa bwawa. Mwafrika anaongea mzungu akiwapo, na akiongea mara nyingi ni kwa busara fupi kama ya methali. Hata kwenye kifo iko hivyo. Kwenye filamu ndege inapoanguka analiliwa mtu mmoja. Katika historia walikufa wawili: Denys alikuwa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Karen kwenye kitabu chake anamtaja. Mswada haukumpa nafasi hata ya kuzikwa. Hapo ninamshika Luedtke shati, kwa sababu hakuhitaji kuazima popote, Kamau alikuwamo kwenye kitabu kile kile alichokabidhiwa.

Niwe mwenye haki lakini. Kuna chifu Kinanjui. Karen anataka kufungua shule, na chifu, kwa kupimia urefu, anasema watoto wadogo sawa, ila waliozidi kimo fulani wasifundishwe kusoma. Halafu anauliza Waingereza wanaojua kusoma kumewafaa nini. Nilicheka mpaka mama akatoka nje kuuliza kuna nini. Hapo kuna mtu mzima mwenye akili, mwenye mzaha, anayepanga mambo ya nchi yake. Na yupo Farah, ambaye anaukataa unyonge kwa adabu tu. Malick Bowens aliyemcheza alifanya makubwa kwa macho. Karibu na kuagana Karen anamwomba amwite kwa jina lake, si "msabu". Farah analitamka. Kwa sisi tunaosema Kiswahili neno lile "msabu" linaleta tabu, limekwama katikati ya memsahibu na kitu gani sijui, ila pale mwisho linapowekwa chini kama mzigo, unaelewa kwa nini lilirudiwa kurasa zote zile. Mtu anayeweza kuandika hivyo angeweza kumwandikia Kanuthia walau sentensi mbili.

Ebrahim Hussein kwenye utangulizi wa Kinjeketile aliwaambia wasomaji wazi kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa sanaa, si yule wa historia moja kwa moja. Mwalimu wetu alitukaririsha jambo hilo kwa ajili ya mtihani, tukalikariri kama kasuku. Sasa ndiyo naona uzito wake. Filamu haina utangulizi. Inaanza na mlima na muziki, na mtalii anayepita hapa kwenda Empakaai akiwa ameitazama kabla ya safari hajui kwamba Kanuthia ni mtu wa sanaa. Anamtazama morani aliyesimama na ng'ombe zake barabarani na anadhani anajua anachowaza. Wengine huuliza kupitia kwa dereva kama ni kweli sisi hatuwazi kesho. Tangu 2022 kaya nyingi za tarafa yetu zimehamishiwa Msomera, Handeni, nyingine zimebaki, na hakuna jioni watu wanakaa bila ya kuzungumza nani anakwenda, nani anabaki, mifugo itakula wapi mwaka kesho. Ningependa Denys apite siku moja jioni aketi asikilize.

Ushauri wangu kwa vijana wenzangu wa ukurasa huu ni kwamba kitabu hiki kisomwe, na kisomwe kwa kalamu mkononi. Luedtke atakufundisha kukata maneno na kupitisha kitu kutoka mkono hadi mkono, tena kwa ada ya bure kuliko chuo chochote. Kisha tazameni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, mwone Kiswahili kikibeba penzi na siasa ya Zanzibar ya ukoloni bila ya kuazima mdomo wa mtu. Wahusika wale wanaongea wao kwa wao. Ndiyo filamu Tanzania iliyoipeleka kushindania Oscar mwaka 2022. Miswada ya namna hiyo ningetamani kuiona imechapwa na kuingia mashuleni, ikae kwenye rafu moja na Orodha na Kilio Chetu.

Mimi nimeanza zoezi langu. Nimechukua safari ile ya mikokoteni, pale Karen anapokutana na morani wakipita mbio nyikani, nikaliandika upya kwa mtindo wa Luedtke: nje, mchana, wakati uliopo. Tofauti ni kwamba wangu wanasimama nyuma ya kichaka na kubishana, je, mwanamke yule amepotea au anajua anakokwenda, na ng'ombe wake kumi na sita wale amewalipia kiasi gani. Nimefika ukurasa wa tisa na bado wanabishana. Kanuthia ndiye msemaji mkubwa.

Mswada wa Luedtke nipo tayari kuuazima kwa anayeutaka, mradi aufuate mwenyewe Nainokanoka na asikunje kurasa. Doa la kahawa alikute na aliache lilivyo.